Mizoga ya nyumbu katika Mto Mara ina kazi yake

Kuna makala inayopendekeza mizoga ya nyumbu waliokufa maji katika Mto Mara iopolewe kwa kuwa ni uchafu, nami napinga vikali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba nyumbu wapatao 6,200 huzama humo kila mwaka. Nyama yao huliwa na mamba, tumbusi, kongoti na samaki au huoza kwa majuma machache, ilhali mifupa huendelea kutoa fosforasi, kirutubisho ambacho viumbe hukihitaji, kwa takriban miaka 7, huku ikiota utando telezi ambao samaki huula. Fosforasi hiyo, iliyotoka udongoni ikapitia nyasini, huzunguka tena na tena. Nishati ya jua iliyonaswa na nyasi hizohizo hairudi, kwani sehemu kubwa hupotea kama joto katika kila mlo.