Jumamosi Yangu Niachieni

Kundi la WhatsApp la ukoo limenichemsha damu wiki hii. Mazishi ya baba mdogo yamewekwa Jumamosi, kama kawaida. Mchango nimetuma, jina liko kwenye orodha. Kisha binamu akaandika: "Huyo msimhesabu, siku hizi ni Myahudi." Ni kweli, nimeongoka nikawa Myahudi. Vicheko vikamiminika, na shangazi akauliza kama siku nikifa nitasafirishwa Yerusalemu.

Chakula nilishakizoea. Samaki tunayemla lazima awe na magamba na mapezi: ngege anavyo, kambare hana magamba, basi. Sukuma wiki naipekua jani kwa jani kutafuta wadudu. Nyama iliyochinjwa Kiyahudi ni nadra, na wanaonielekeza kwenye bucha la Waislamu, "si ni kitu kimoja?", nimechoka kuwajibu. Hata saa ya Sabato, inayoanza Ijumaa jua likizama, haisumbui: kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, wakati London mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Shida yangu ya Ijumaa ni foleni ya Thika Road.

Lakini Jumamosi! Nchi hii imerundika kila kitu Jumamosi: mazishi, harusi, ruracio (sherehe ya mahari), harambee, mikutano ya chama. Usipoonekana, umetukana watu. Nami siku hiyo sipandi gari, na Wayahudi hawaziki Sabato.

Sasa nielezeni. Jirani yangu wa Kisii ni Msabato. Kwao huzika Alhamisi au Jumapili, na watu husema tu, "Ah, hao ni Wasabato," wakaendelea kupanga. Hakuna anayemuuliza kama amelaaniwa. Mimi nikishika siku ile ile, kwa amri ile ile ya Kutoka 20, nimepotea, nimemkana Yesu, najifanya mzungu. "Mwafrika akawa Myahudi tangu lini?" Tangu 1919 angalau, kule Mbale, Uganda, chifu Semei Kakungulu alipojitahiri yeye na wanawe. Wafuasi wake, Abayudaya, wakashikilia hata Idi Amin alipoipiga dini yao marufuku. Na kwani Petro na Paulo walizaliwa Murang'a?

Haya, nakubali shingo upande: Wasabato ni wengi, mimi katika ukoo niko peke yangu, na kusogeza mazishi kwa ajili ya mtu mmoja ni makuu. Sikuomba hilo. Nilisema nitakuja mkesha wa Alhamisi, kisha Jumapili nirudi kukaa na wafiwa. Hata sinagogini si peponi. Wapo wanaonidadisi nilikuwa dhehebu gani, ilhali Talmudi, kitabu chetu cha sheria na mafundisho ya marabi, inakataza kumsimanga mwongofu kwa alikotoka.

Kinachoniuma hasa ni kuambiwa nimewatupa wazee wangu. Nilipokuwa nasoma ili niongoke nilimuuliza rabi, mwalimu wetu wa dini: baba yangu, mzee wa kanisa, akifa nitamlilia vipi? Akanionyesha kwamba Rabi Ovadia Yosef, aliyekuwa rabi mkuu wa Wasefaradi wa Israeli, aliruhusu mwongofu amsomee kadishi, sala ya wafiwa, baba asiye Myahudi. Maimonides, rabi mkubwa wa zama za kati, naye aliulizwa na mwongofu mmoja kama anaweza kuomba akisema "Mungu wa baba zetu". Akamjibu aseme bila wasiwasi, Ibrahimu ni baba yake pia. Basi nina baba wawili, na huyu wa Nyeri ndiye aliyenilipia karo.

Alhamisi nitakuwa hapo. Sufuria nitakuja nayo, shangazi asihangaike. Na wewe unayenitumia video za Netanyahu kila asubuhi, Israeli sina usemi. Hata MCA wangu, mwakilishi wa wadi yetu, hapokei simu zangu.