Daktari anayekuja na pikipiki: anachoweza na asichoweza kwa mbwa na paka wa Mwanza

Tukikutana watu wa Mwanza tulioko Uingereza, mazungumzo ya mbwa na paka waliobaki nyumbani huishia kwenye kauli moja: kule hakuna matibabu ya wanyama. Sikubaliani nayo, na naona inadhuru, kwa sababu anayeiamini hutuma hela mnyama akiwa tayari hoi, na mara nyingi huzituma kwa jambo lisilosaidia. Madaktari wa mifugo wapo, wengi wamesoma Sokoine kule Morogoro, na kuna maofisa mifugo wa kata. Tofauti ni kwamba kwetu daktari ndiye anayemfuata mnyama. Anakuja na pikipiki, begi mgongoni, anamtibia mbwa palepale uani. Huduma hiyo ina nguvu kuliko tunavyoipa sifa, na ina mpaka ambao tukiulazimisha uvukwe tunaua wanyama wetu.

Huku Uingereza mnyama ndiye anayepelekwa kliniki. Kuna eksirei, maabara ya damu, chumba cha upasuaji, na antibayotiki haitoki bila cheti cha daktari. Sheria ya mwaka 1966 inamruhusu mwenye mnyama kumpa huduma ndogondogo mnyama wake mwenyewe; upasuaji ni wa daktari aliyesajiliwa. Ningependa nidhamu hiyo ya dawa ifike hadi Igoma na Buhongwa. Lakini tusijidanganye kuhusu bei. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza imeeleza kuwa mwaka 2013 makampuni makubwa yalimiliki kama asilimia 10 ya kliniki za wanyama, na sasa yanamiliki kama asilimia 60. Bila bima, mtu hupewa makadirio ya gharama na kuamua mbwa aishi au achomwe sindano ya kufa. Huo nao ni mpaka.

Kosa la kwanza la sisi tulioko nje ni kuhamisha kalenda ya chanjo ya huku kama ilivyo. Uingereza hakuna kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu, hivyo chanjo yake si ya kawaida kwa mbwa asiyesafiri. Mwanza hiyo ndiyo ya kwanza: mtoto wa mbwa au paka achanjwe akifika miezi 3, arudiwe baada ya mwaka, kisha kwa muda unaoandikwa kwenye kadi. Ya pili kwa uzito ni ya parvo, ugonjwa wa virusi unaomharisha mtoto wa mbwa damu. Hiyo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Wengi huchanja mara moja wakaridhika, halafu mtoto anakufa kwa kuhara damu na lawama anabebeshwa daktari. Sababu ni kwamba kinga aliyoinyonya kwa mama yake huizima chanjo, na hakuna anayejua ni wiki gani kinga hiyo itaisha. Marudio ndiyo yanayoziba pengo.

Kuchanja ndiyo kazi inayomfaa daktari wa pikipiki kuliko zote. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba hapandi bajaji, na paka wa Kirumba ukimtoa nyumbani mara moja, mara ya pili humkamati. Ila mwulize daktari chanjo ameibebaje. Zinatakiwa nyuzi 2 hadi 8, yaani kwenye kiboksi chenye barafu, si kwenye mfuko wa koti kutoka mjini hadi Kisesa saa saba mchana. Chanjo ya kichaa cha mbwa ina uvumilivu. Utafiti uliofanyika Tanzania ulionyesha aina moja yake inafanya kazi hata baada ya kukaa miezi 6 kwenye nyuzi 25. Ya parvo na ndugu zake ni ya virusi hai vilivyokaushwa. Joto huviua, na chupa ikishachanganywa na maji yake itumike pale pale, si kupelekwa nyumba ya pili baada ya chakula cha mchana. Stika ya chupa ibandikwe kwenye kadi.

Nguvu nyingine iko kwa watu wa nyumbani wenyewe, na hapa ndipo ningependa hela zetu ziingie mapema. Kipimajoto cha kawaida kinatosha: ncha yake ipakwe mafuta, ingiza njia ya haja kubwa kama sentimita 2, subiri. Mbwa na paka wazima wako kati ya nyuzi 38 na 39.2. Ikivuka 40 daktari aitwe siku hiyo. Ufizi uwe wa waridi. Ubonyeze kwa kidole, weupe urudi rangi ndani ya sekunde 2. Akilala hesabu pumzi: zikizidi 30 kwa dakika, huenda kuna shida ya moyo, mapafu au maumivu. Mama akipiga simu kusema "mbwa amelala tu, hali chakula", namba hizo tatu zina faida kuliko picha kumi.

Kidonda kidogo kinatibika nyumbani. Nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, osha mara mbili kwa siku. Spiriti inachoma nyama mbichi. Oili chafu ya gari, inayopakwa sana kwa mbwa wenye ukurutu, mbwa huilamba, ikamharibu ini. Kizuizi cha kulamba kinatengenezwa kwa ndoo ndogo ya plastiki ya lita 4, iliyosafishwa vizuri: kata kitako mduara unaopita kichwa kwa kubana kidogo, funika ukingo kwa kitambaa na utepe wa gundi, toboa matundu manne, pitisha kamba uifunge kwenye mkanda wa shingo. Avae siku 10 hadi 14, muda uleule wa nyuzi za upasuaji kukaa.

Mwanza yenyewe ina ajali zake. Kwenye mawe ya Bwiru au Capri Point kuna swila wanaotema. Mbwa akirudi anasugua macho kwa makucha, macho yasuuzwe kwa maji safi mfululizo dakika 15, bila maziwa wala majani, na daktari ayaone siku hiyo. Ufukweni tatizo ni ndoano. Ikiwa kwenye mdomo wa nje, isukume mbele mpaka kidomo kitokeze, kikate kwa koleo, kisha irudishe ilikotoka. Ikiwa imemezwa na mshipi unaning'inia, usivute hata kidogo. Uache urefu wa mkono, ufunge kwenye mkanda wa shingo asiumeze, mpeleke. Hata mshipi ukionekana umetokea nyuma, usivute. Utumbo hujikunja juu ya uzi kama kitambaa kwenye mshono uliobanwa, na ukivuta uzi unaukata.

Kupe tunawashambulia vibaya. Kupe wa Uingereza unawaokota majanini unapotembea na mbwa. Kupe wa kahawia wa mbwa, aliye kwetu, anaishi ukutani. Akishiba hushuka, hupanda kwenye ufa wa banda, na jike mmoja hutaga mayai maelfu. Kumwogesha mbwa bila kugusa banda ni kazi bure. Ziba nyufa kwa saruji, toa magunia yachomwe, pulizia kuta, urudie baada ya wiki 2. Kwa mbwa mwenyewe, dawa ya kuogeshea ya amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, apakwe, akaukie kivulini bila kujilamba. Isitumike kwa watoto wachanga wa mbwa, na paka isimguse kabisa. Paka hali kadhalika hawavumilii permethrini, dawa nyingine ya wadudu. Dawa ya kupe ya ng'ombe au mbwa ikimwagiwa paka anaanza kutetemeka na kufa.

Sasa mpaka wenyewe. Kinachoniudhi zaidi ni sindano ya kubahatisha, na chanzo chake ni duka la dawa za mifugo ambako unanunua chochote bila swali. Dawa zile zimepimwa kwa ng'ombe. Ivamektini, dawa ya minyoo na wadudu, ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50. Mbwa wa kilo 10 kwa kipimo hichohicho ni mililita 0.2, kiasi ambacho bomba la mililita 10 haliwezi kukipima. Anayechoma "moja tu" amempa mara tano. Mbwa wa ukoo wa koli, wale wa kuchunga kondoo, hupooza hata kwa dozi ambayo wenzao wanaivumilia. Berenili nayo, inayopendwa Kanda ya Ziwa kwa sababu ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kipimo chake cha kutibu mbwa hakiko mbali na kile kinachodhuru ubongo. Dawa za watu ni hatari vilevile: kidonge kimoja cha panadoli kinaweza kumuua paka, na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Jibu halihitaji mashine ya Ulaya. Mbwa mwenye homa, ufizi mweupe, au mkojo wa rangi ya kahawa achukuliwe tone la damu kwenye ncha ya sikio, lipakwe kwenye kioo, likauke, lipelekwe maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Mwanza. Kioo kinasafiri kwa bodaboda bila mbwa. Kikionyesha ugonjwa wa kupe unaotibika kwa doksisaiklini, dozi ni wiki 4 kwa kawaida, na siku ya tano mbwa anapochangamka ndipo nyumba nyingi huacha. Kidonge hicho kifuatiwe na chakula au maji, hasa kwa paka mililita 5 kwa bomba lisilo na sindano, la sivyo hukwama kooni na kuchoma.

Parvo haitibiki kwa sindano moja kwa siku getini. Mtoto wa mbwa anatapika na kuhara maji mengi kuliko anavyokunywa, na anahitaji dripu saa kwa saa. Hapo hela iende kwenye kulazwa au kwa daktari atakayekubali kurudi mara tatu kwa siku. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza kwa sabuni, ndipo imwagiwe jiki, sehemu 1 kwa maji 30, ikae dakika 10. Udongo wa uani hausafishiki hivyo, na kirusi hukaa humo miezi mingi, kwa hiyo usilete mtoto mwingine asiyekamilisha chanjo. Uzazi una saa zake pia: jike akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto, au uchafu wa kijani ukatangulia kabla ya mtoto wa kwanza, aende kwenye upasuaji. Kumhasi dume kunaweza kufanyika nyumbani kwa daktari mwenye vifaa vilivyochemshwa. Kufunga kizazi jike sikubali kufanyike kwenye meza ya kulia chakula, kwa sababu uzi wa kwenye ovari ukiteleza damu inamwagikia tumboni, na nje huoni kitu isipokuwa ufizi unaozidi kuwa mweupe.

Na sumu ambayo wezi huwatupia mbwa: mbwa anatoka povu, anatetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Maziwa hayazuii chochote, na kumnywesha mbwa anayetetemeka kunapeleka maziwa mapafuni. Chumvi ya kumtapisha huua yenyewe. Anahitaji dawa ya atropini kwa mkono wa daktari, haraka. Sumu ya panya ni tofauti, damu huanza kuvuja siku ya 3 au ya 5, na dawa yake ni vitamini K1. Ndiyo maana pakiti ihifadhiwe.

Jambo moja la pwani ya ziwa linahitaji kusemwa kwa sauti. Mbwa wa karibu na Mwaloni wanakula mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, na mfupa wa sangara hukwama kweli. Kwa hiyo mbwa akidondosha mate, mdomo wazi, hamezi, mtu wa kwanza kufika husema ni mfupa na kuingiza mkono. Kichaa cha mbwa huanza hivyohivyo: taya imelegea, sauti ya kubweka imebadilika, mbwa mpole amekuwa mkali au mkali amejificha. Mwenye mfupa hukwangua mdomo kwa mguu, hutaka kula, humtambua mwenye nyumba. Ukiwa na shaka yoyote, hakuna mkono mdomoni. Mfungie mlango, mwite ofisa mifugo. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo aanze chanjo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Mbwa akiwa hai, hutazamwa siku 10, lakini mtu hasubiri siku hizo. Kichaa cha mbwa kikishaanza dalili kwa binadamu karibu kila mara ni kifo.

Kwa hiyo mgao ninaoutetea kwa anayetuma hela ni huu: chanjo na dawa ya minyoo kwanza, kisha kipimajoto, mabomba ya mililita 1, kamba na tenga la paka lenye mfuniko, kisha akiba ya usafiri na maabara. Kamba na tenga viachwe karibu naye avichezee wiki kadhaa kabla, mnyama avizoee. Bendeji pana ya mita moja inafunga mdomo wa mbwa mwenye maumivu: kitanzi juu ya pua, vuka chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio. Anayetapika au kuhema asifungwe.