Santuri Kuukuu na Magoti Yangu

Wauzaji wa santuri kuukuu wana desturi moja ambayo sijapata kuielewa. Masanduku ya santuri zisizotakiwa na mtu huwekwa juu ya meza, na yale yenye muziki wa maana husukumwa chini ya meza, ili mteja apige magoti kwanza kabla ya kupata haki yake. Huko chini ndiko ninakoshinda, nikipekua moja baada ya nyingine, huku jirani yangu akipekua sanduku lake kwa kasi ya karani wa benki ahesabuye noti, nami nikijua fika kwamba ile niitafutayo imo humo mwake.

Magoti ningeyavumilia. Nisichokivumilia ni majalada, kwani jalada la santuri kuukuu halina uaminifu hata chembe. Unaliona, moyo unakuruka, unachungulia ndani, kumbe mna nyimbo za Krismasi, au hamna kitu kabisa. Na siku santuri yenyewe imo, utakuta mwenye duka amebandika bei usoni pa mwimbaji kwa gundi ambayo haitoki mpaka iondoke na pua.

Halafu kuna santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Kampuni ya RCA Victor ilizitoa mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya kampuni ya Columbia kuleta santuri kubwa ya LP, ambayo huzunguka mara 33⅓. Nani alimshinda nani katika mashindano hayo hainihusu. Ninachojua ni kwamba nyingi kati ya hizo ndogo zina tundu pana mno katikati, na kile kiplastiki cha kuliziba hakimo kamwe dukani unaponunulia.

Nikaona heri nitafute mtandaoni, ambako angalau nitakaa kitini. Katika Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuziana santuri iliyoanzishwa mwaka 2000, toleo moja la muziki laweza kuwa na kurasa nyingi, kila chapa na ukurasa wake, na mara nyingi kinachotofautisha chapa ya kwanza na marudio ni namba zilizochorwa kwenye ukingo mtupu unaoizunguka lebo. Namba hizo hazisomeki mpaka uiinamishe santuri chini ya taa na kufumba jicho moja. Watu wa nyumbani wakinikuta katika hali hiyo huniuliza kama nimeanza kuumwa tena.

Wauzaji wa mtandaoni nao ni mafundi wa picha, maana mwanga wa kamera zao huangukia pale pale penye mkwaruzo. Katika ngazi za ubora walizozizoea, santuri inayoitwa nzuri hukaa karibu na mkia, ikipakana na mbovu, hivyo anayenunua iliyo nzuri asitarajie kusikia kitu zaidi ya kaanga-kaanga. Nilimwuliza mmoja wao kama santuri yake inaruka, akanijibu kwa adabu zote kwamba yeye hana gramafoni.

Nikainunua hata hivyo. Ikafika imepinda, kwa sababu joto na santuri havipatani, na kifurushi kilikuwa kimeachwa juani mahali fulani njiani. Muuzaji alinishauri niilaze chini ya vitabu vizito kwa majuma kadhaa. Vitabu vizito nivitoe wapi, ilhali fedha zote zimeishia kwenye santuri?