Rimoti Inakaa Mfukoni Mwangu

Jamani, nani alituletea huu mtindo wa kufunga televisheni kwenye vinyozi? Mimi niliifunga yangu ukutani ili mteja atulie. Mtu akiangalia mpira kichwa hakitikisiki. Mashine inapita, poda, spiriti, haya, mwingine. Siku hizi habari za jioni zikikaribia naomba stima ipotee. Na stima nayo, siku unayoitaka ipotee, haipotei.

Kichwa cha Mkenya na taarifa ya habari havikai pamoja. Mtangazaji hajamaliza kutaja jina la chama, mteja kashageuka na wembe uko shingoni. "Huyu kalipwa huyu!" Shekhe, kama kalipwa sijui. Ninachojua ni kwamba wewe bado hujanilipa, na sikio lako liko karibu nami kuliko huyo mtangazaji. "Toa stesheni hii!" Natoa. Wa kwenye benchi naye anaruka: "Mbona umetoa? Unaficha nini?" Kinyozi nimekuwa mhariri bila mshahara wa mhariri.

Wakati wa kampeni zile za 2022 nikabandika karatasi juu ya kioo: SIASA MARUFUKU HAPA. Watu wa Azimio, muungano wa Raila, wakasema nimewalenga wao. Watu wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, wakauliza mbona nimeandika kwa rangi ya chungwa, rangi ya chama cha Raila. Ni kalamu ya shule ya mwanangu, ndiyo iliyobaki na wino! Nikaibandua.

Halafu ikafika Agosti. Tume ya uchaguzi, kusema haki, ilifanya jambo la maana: ilitundika kwenye tovuti fomu za 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, mwenye macho na kikokotoo ajumlishe mwenyewe. Stesheni zikawakalisha vijana wakajumlishe, kila moja ikaanza na fomu ilizozishika kwanza. Basi saa ile ile, huku Ruto yuko mbele, bonyeza kitufe, kule Raila yuko mbele. Hakukuwa na uchawi. Ukianza kujumlisha ngome ya huyu, huyu ataongoza mpaka ufike ngome ya mwenzake. Lakini nenda kamwelezee hayo mtu aliyejaa povu kidevuni! Wateja wangu walisimama mlangoni, wakachungulia kioo cha televisheni, mtu akiona wake yuko nyuma anakwenda kunyolewa kwa jirani. Nywele ni zile zile, anafuata stesheni. Nimepoteza vichwa mimi kwa sababu ya fomu.

Mara hesabu zikaanza kusuasua kwenye runinga, zikaganda, na maelezo ya kueleweka hamna. Hapo waliniudhi hata mimi ninayewatetea. Ukishafungua duka la hesabu usifunge mchana kweupe ukaniachia mimi maswali.

Tarehe 15 tukaambiwa Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura kule Nairobi, kuna tangazo. Chebukati, mwenyekiti wa tume, anasoma Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, na wakati huo huo makamishna wanne kati ya saba wako hoteli ya Serena wanasema matokeo hayo hawayatambui. Tume moja, kumbi mbili! Nimesimama na rimoti sijui niielekeze wapi, na mteja amenyolewa nusu anadai nimpeleke Serena. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na Septemba 5 majaji wakayathibitisha yale ya Bomas. Sisi wa Mombasa, gavana wetu tulimpigia kura Agosti 29, kwa sababu karatasi za kura za mwanzo zilikuja na picha na maelezo yasiyokuwa ya wagombea wetu. Kwa hiyo mtu wa hapa akiniambia haamini chochote kilichochapishwa, namwinamisha kichwa tu, naendelea na kisogo.

Kuna mzee mmoja, tunamwita Ami, yeye habari zake zote zinatoka kwenye simu. Siku moja katuletea ukurasa wa mbele wa gazeti, kichwa cha habari kikubwa, chama fulani kimevunjika. Kijana akamwonyesha kwamba gazeti lenyewe limeutoa ukurasa huo huo ukiwa na muhuri mwekundu: FEKI. Ami akavaa miwani, akautazama muhuri kwa makini, akasema, "Muhuri ndio feki."

Utamjibu nini? Na Ami si mjinga. Amekuwa akisikia kampuni ya habari ya Standard ikihusishwa na familia ya Moi, ile ya Mediamax na familia ya Kenyatta, halafu jioni anaambiwa stesheni haina upande. Serikali nayo ikinuna inatishia kunyima matangazo. Rais mstaafu Uhuru alishasema magazeti ni ya kufungia nyama. Sisi huku pwani tunafungia njugu na bajia, na mimi ndipo ninapoyasomea. Shida ni kwamba habari haifiki mwisho. Inakwambia endelea ukurasa wa nne, na ukurasa wa nne kapewa mtu mwingine na viazi karai.

Vijana wao, kwa dharau, wanaita vyombo vyote vya habari githeri media. Mmoja aliwatukana kutwa nzima, mpaka nikachoka. Ikafika Juni 25, 2025, maandamano yako barabarani, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza matangazo ya moja kwa moja yakome, stesheni zikazimwa. Nani alipiga kelele kuliko wote? Yeye! "Wametunyima habari!" Si ulisema hazina habari, kijana?

Lakini wanaoniumiza hasa ni wawili wa maskani yangu. Waligombana kwenye uchaguzi wa 2017, mmoja wa Uhuru, mmoja wa Raila. Januari 30, 2018 Raila akala kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, runinga kubwa zikafungiwa, na hawa nusura washikane mashati hapa kwangu. Machi 9, wakubwa wakapeana mikono pale Harambee House, kicheko hadi jino la mwisho. Nikasema alhamdulillahi, tumepona. Wapi! Machi 2025 Raila, Mungu amrehemu, akatia saini mkataba wa kushirikiana na Ruto pia, ukumbi wa KICC, mchana, kamera zote zikiona. Hawa wangu mpaka leo mmoja akifika mlangoni ananong'ona, "Yule yumo?" Akiwemo, anazunguka kwa nyuma.

Eti kuna watafiti wa Oxford, taasisi ya Reuters, kila mwaka wanauliza watu wa nchi mbalimbali, na Wakenya zaidi ya nusu hujibu kwamba habari wanaziamini. Wenzetu wa nchi nyingi wako chini kuliko sisi. Sawa, labda hao walioulizwa wananyoana nyumbani.

Sasa maradhi yenyewe yameshatoka kwenye televisheni, yamehamia kwenye kioo changu. Juzi kaja bwana mmoja, mtu mzima, nikamnyoa vizuri, nikamshikia kioo kidogo aone kisogo. Akaona kipara. Kidogo tu, cha heshima. Akauliza, "Hiki kioo umekitoa wapi?" Nikamwambia kwa muuza vioo. Akasema kina upande. Akatoa simu, akajipiga picha, akaipitisha kwenye zile programu za urembo mpaka nywele zikajaa, akanionyesha: "Hii ndiyo hali halisi, hicho chako ni propaganda."

Nikasema yaishe. Mia mbili, bwana.

Akavaa kofia, akaniambia hayo ni matokeo ya awali, atalipa yakitangazwa rasmi.