Wanafunzi 60 kwenye darasa la watu 50

Kwanza mjue sikuombwa. Mpwa wangu alikuwa kajikalia zake mezani na daftari la hesabu anatafuna kalamu, mi napita zangu nikachungulia nikaona maduara matatu yamepandana, aisee mwili ukasisimka. Seti! Hizi mimi shuleni nilikuwa nazimaliza huku nasinzia, au ndo nilivyokuwa nakumbuka.

"Hebu lete hapa mama, hivi vitu ndo vya mjomba wako."

Badala ya kusoma swali nikaanza na historia. Nikamwambia hii michoro inaitwa ya Venn kwa sababu ya John Venn, Mwingereza, aliileta mwaka 1880, ila maduara yenyewe Euler yule wa Uswisi alishayatumia miaka mia na zaidi kabla yake, na huyo Venn kuna wakati alitengeneza mashine ya kurusha mpira wa kriketi. Nikamwaga yote hayo, mtoto ananiangalia tu.

"Mjomba, swali linauliza wangapi."

Haya. Darasa lina wanafunzi 50. Wanaopenda mpira wa miguu 28, kikapu 26, riadha 20. Mpira na kikapu 12, kikapu na riadha 9, mpira na riadha 10, na wanaopenda yote matatu ni 5. Wangapi hawapendi mchezo wowote?

Mi nikajumlisha zile tatu za mwanzo chap, 74. Hamsini toa sabini na nne, hasi 24. Nikakohoa. Nikamwambia hiyo ilikuwa ya kupasha moto, sasa tunachora. Nikachora maduara mazuri kwelikweli, nikajaza kila namba kama ilivyo kwenye swali, 28 huku, 26 kule, 12 pale wanapokutana, 5 katikati, hakuna chumba kilichobaki kitupu, nikajumlisha vyumba vyote saba nikapata 110. Hamsini toa mia na kumi, hasi 60. Yaani kadri ninavyochora vizuri ndo darasa linazidi kudaiwa watu!

"Mjomba, kuna mwanafunzi hasi?"

Hapo mtu mwenye akili angesema ngoja turudie. Mimi nikamwambia kile kialama cha mbele kinaonyesha tu kwamba hawapendi, si unaona swali limesema HAWAPENDI, kwa hiyo ni hasi, jibu ni 60. Nilivyolisema kwa kujiamini hata mwenyewe nikaliamini. Nikapiga picha nimtumie dada ajue mwanae yuko mikono salama, na maneno juu yake: "Nimemaliza kwa dakika tano, hawa walimu wa siku hizi sijui wanafundisha nini."

Picha ikatua kwenye grupu la wazazi.

Nikaona tiki za bluu. Nikakimbilia kufuta, mikono inatetemeka, nikabonyeza futa, ikapotea, nikashusha pumzi. Kumbe nimeifuta kwangu tu, wenzangu wote wanaitazama na mimi ndo pekee nisiyeiona. Nikakaa kama dakika kumi nikijua nimepona, mpaka mwalimu mwenyewe akaandika, kwa adabu zote: "Asante mzazi. Darasa lina wanafunzi 50 na 60 hawapendi michezo. Hao 10 wa ziada wamehamia lini, niwaandike kwenye rejista?"

Vicheko vilivyofuata sikuvihesabu maana hesabu nilishaacha.

Nainua kichwa, mtoto kashamaliza. Kumbe unaanzia katikati unaenda nje. Wale 5 wa yote matatu unawaweka kwanza, halafu wale 12 wa mpira na kikapu ndani yao wamo haohao watano, kwa hiyo unaandika 7, vilevile 9 inakuwa 4 na 10 inakuwa 5. Ukija kwenye mpira peke yake unatoa wote walioshakaa ndani ya lile duara, wanabaki 11, kikapu 10, riadha 6. Jumla 48. Wasiopenda chochote ni wawili. WAWILI! Mi nilikuwa namhesabu mtoto mmoja mara saba, yule anayependa kila kitu nimemweka kila chumba kama mpangaji asiye na kwao.

Dada akapiga simu, hakusema kitu, alikuwa anacheka tu mpaka salio likakata.

Jana mtoto kaniletea za seti nne. Safari hii nilijiandaa, nikamwambia maduara manne hayatoshi, yanakupa sehemu 14 tu wakati unahitaji 16, chora ya umbo la yai. Akaniangalia kwa mshangao, naona heshima inarudi kidogokidogo. Akavuta kiti, akafungua daftari, halafu akachukua simu yangu akaiweka juu ya kabati.

"Sasa endelea mjomba."