Miti ya Asili Imenikondesha

Jamani, mtaani kwenu nako mnapandishwa miti? Huku kwetu Dodoma, pembezoni mwa mji, mjumbe katutangazia kila nyumba iwe na mti mbele, na uwe wa asili. Nikasema sawa, mimi Mgogo wa damu, mti wa asili utanishinda wapi?

Nikaenda kwa wauza miche barabarani. Kijana akaninyooshea mwarobaini. Nikamwambia mwanangu, huo kwao India. Akaleta mkrismasi, ule wa maua mekundu. Huo wa Madagaska! Ashoki je? India tena. Mlonge? India! Nikamuuliza, hapa kuna mti hata mmoja ulioingia nchini bila pasipoti? Akakuna kichwa: "Mzee, mgunga sina. Nani ananunua miiba?"

Hapo ndipo ninapochoka. Migunga na mikwaju ilikuwa tele hapa hapa, watu tunapumzika chini yake bure. Vikaja kupimwa viwanja, greda likapita, mtaa ukabaki mweupe kama kipara. Sasa jua la Oktoba linatushukia bila breki, vumbi linaingia mpaka kwenye mlenda. Tena leo tunapitiwa na daftari: mzee, mti wako uko wapi?

Mkwaju nikaupata kwa shemeji yangu Mpwapwa. Kazi ikawa kuumwagilia. Mvua yetu mnaijua: inaanza Desemba, Aprili imeshaaga, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Bombani ni mgao. Basi maji ya kuoshea vyombo yote nikawa naupelekea mkwaju, mpaka mama watoto akauliza, "Baba Neema, huyu ndiye mke mwenzangu?"

Na jirani yangu, mstaafu kutoka Dar, katandika ukoka uwanja mzima, anaumwagilia asubuhi na jioni. Yeye haulizwi asili wala ukoo. Eti panapendeza.

Juzi mjumbe kafika na daftari lake. Nikampeleka mbele ya nyumba, kijiti kimesimama, kilele hakuna.

"Mti huu hapa, mheshimiwa. Majani yako tumboni mwa beberu wako."

Akakitazama kile kijiti, akamtazama beberu aliyekuwa anacheua pale kwenye ukoka wa jirani. Akaandika: *Mti upo.*