Anwani isiyokuwepo ikataliwe mlangoni

Hapa Mwanza si ajabu kukuta seva moja ya barua pepe inahudumia vikoa kadhaa (majina yanayofuata alama ya @) vya tajiri mmoja: cha kiwanda cha minofu ya sangara, cha loji yake ya Capri Point, na cha duka la nyavu na injini za boti. Gharama inapungua, na Postfix, programu ya kuendeshea seva ya barua pepe, inaimudu kazi hiyo bila shida. Ninachokipinga ni mstari mmoja ambao mafundi wetu wanaupenda mno kwenye virtual_alias_maps, jedwali linalosema barua ya kila anwani ipelekwe wapi: alama ya @ na kikoa, bila jina mbele, halafu anwani ya bosi. Yaani barua ya jina lolote lile ipokelewe.

Fundi atakwambia ameuweka ili barua ya mteja isipotee. Namwelewa, ila hapo ndipo inapopotelea. Mnunuzi wa Uholanzi akikosea herufi moja, seva inayokagua majina inamkatalia palepale kwa 550 5.1.1, yaani msimbo wa kwamba anwani hiyo haipo, naye anasahihisha na kutuma upya. Seva inayopokea kila kitu inamwacha aamini oda imefika, kumbe imezama kwenye sanduku lililojaa spamu asilolifungua mtu. Na kama sanduku hilo la bosi liko Gmail, ni seva yako inayoonekana kupeleka uchafu huko.

Kuna mbaya zaidi: kuelekeza kikoa kizima cha zamani kwenda kikoa kipya kwa mstari huohuo mmoja. Postfix inapokea barua ya jina lolote, kisha inagundua kwamba huko mbele hakuna mtu huyo, inalazimika kutuma taarifa ya kushindwa. Watuma spamu hughushi anwani ya mtumaji, kwa hiyo taarifa inamwangukia mtu asiyehusika kabisa. Yakizidi, anwani ya IP ya seva yako inaingia kwenye orodha nyeusi ya watuma spamu, na ankara za kiwanda zinakwama kwa makosa ya kikoa cha loji.

Kwa hiyo nasema kila anwani iandikwe kamili, kwa mstari wake. info@ ya kiwanda iende kwa watu wa mauzo, info@ ya loji iende mapokezi. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini hufanywa mara moja, baada ya hapo ni marekebisho tu. Kikoa kisitajwe kwenye mydestination (orodha ya vikoa ambavyo barua zake hubaki kwenye akaunti za seva yenyewe) na virtual_alias_domains (vikoa ambavyo anwani zake huelekezwa kwingine tu) kwa pamoja. Ukishahariri faili, endesha postmap, amri inayoligeuza kuwa jedwali linalosomwa na Postfix, kisha jaribu kila jina kwa postmap -q, inayoonyesha linaelekezwa wapi, kabla ya kuondoka ofisini kwa watu. Na postmaster, anwani ya msimamizi wa barua, isisahaulike kwenye kikoa chochote; RFC 5321 ya mwaka 2008, waraka wa kanuni za kutuma barua pepe, inaidai.

Kinachoniuma hasa ni kwamba orodha hii hukaa kichwani mwa fundi peke yake. Mwenye mali anajua idadi ya makreti ya samaki yaliyoshuka soko la Mwaloni asubuhi, ila hajui barua za uhasibu@ zinasomwa na nani. Achapiwe jedwali, alipitie mstari kwa mstari kila mtumishi anapoacha kazi. Asishangae kukuta afisa mauzo aliyehamia kwa mshindani wake bado anapokea oda za Ulaya.